Mama Aliyehesabu Matonge

Apollinarie Nkeshimana alipima samaki bandarini Kalundu kwa miaka tisa kabla hajathubutu kujipima mwenyewe. Mzani ulikuwa ule ule wa magunia ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa chuma, mpana, unaonuka ziwa. Siku hiyo alingoja wachuuzi waende kunywa chai, akavua viatu, akapanda. Mshale ukaruka, ukatikisika, ukasimama kwenye kilo tisini na nne. Akashuka, akaugonga mzani kwa kiganja kama alivyougonga kila ulipokwama, akapanda tena. Tisini na nne. Mzani ule haukuwa na adabu, lakini haukuwa mwongo.

Na uwongo yeye aliujua. Mchuuzi mjanja hunyunyizia gunia maji kabla ya kulipandisha mzanini, ili ndagala wakavu wawe wazito. Kazi ya Apollinarie ilikuwa kutia mkono hadi katikati ya gunia, kutoa konzi moja, kuibana, kuinusa. "Hii ni maji, baba," angesema bila hasira. "Rudisha ku jua." Watu walimchukia kwa hilo, kisha walimletea samaki wao wampimie, kwa sababu hakukosea hata siku moja.

Mwaka ulikuwa 2017, naye alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Aliyempandisha mzanini ni Firmin, muuguzi wa zahanati ya jirani na kwao Mulongwe. Firmin alimpima presha mara mbili. Muuguzi akikupima mara ya pili, ujue kuna jambo.

"Tansiyo yako iko juu sana," alisema mwishowe. "Baba yako alikufa na nini?"

"Na moyo. Alianguka mu shamba, kule Lubarika. Alikuwa na miaka makumi ine tu."

"Basi upunguze mwili, moyo yako nayo isisimame. Jumamosi asubui tunakimbiaka, batu kumi na tano hivi. Njo na weye."

Ungedhani neno lenyewe ni jepesi. Lakini huku kwetu kumwambia mtu amekonda si kumsifu, ni kumpa pole. Mwenye mashavu ana amani. Aliyekonda amefiwa, au amefilisika, au vita vimempitia. Na nyumbani kwa Apollinarie neno hilo lilikuwa zito kuliko kwingine kote, kwa sababu ya mama yake.

Waliishi wawili tu, yeye na mama Anne-Marie, na walikula sahani moja. Tangu vita vya 1996 mlo wao ulikuwa na sheria: mama alihesabu matonge. Manane yako, manane yangu, hakuna wa kuzidi wala wa kupungukiwa. Macho ya mama yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, lakini masikio yake yaliona. Alisikia vidole vikimega bugali, akasikia vikichovya, midomo yake ikacheza kidogo ikitaja namba. Baada ya kula walisali rozari, na wakati wa kusali mama aliushika mkono wa binti yake, akakizungushia kifundo chake kidole gumba na kidole cha kati. Vidole havikukutana. Palibaki nafasi pana ya kuingia vidole vingine viwili, na mama akalala vizuri.

Kipimo hicho alikijifunza milimani. Vita viliposhuka bondeni mwa Ruzizi, Anne-Marie, mjane tayari, alikimbia kutoka Lubarika na mabinti wawili, Apollinarie wa miaka kumi na miwili na Jolie wa miaka saba. Walitembea majuma mengi juu huko kwenye baridi. Chochote alichookota, mihogo michanga, mahindi ya kuungua, alikigawa sawasawa kwa namba, na kila jioni alikizungushia vidole kifundo cha mkono wa Jolie. Kwanza vidole viligusana. Kisha vikapandana. Apollinarie ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni, na kila siku mzigo ulikuwa mwepesi kuliko jana. Jolie alikufa kwenye kilima ambacho hawakukijua jina.

Kuna jambo ambalo Apollinarie hakumwambia mtu. Pale walipojibanza kula, Jolie alikuwa akimsukumia matonge yake chini chini. "Kula, dada. Minye nimeshiba." Naye alikula. Alikuwa na njaa, alikuwa na miaka kumi na miwili, alikula. Tangu hapo hakuwahi kulikataa tonge la mtu yeyote, na usishangae basi kwamba mshale ulifika tisini na nne.

Alianza vibaya, kama tunavyoanza wengi. Nyumbani alikula manane yake, mama asishtuke. Lakini kutwa nzima kazini hakutia kitu kinywani ila maji ya ndimu. Asubuhi alijifunga mfuko wa plastiki tumboni, akavaa juu yake vitenge viwili, akakimbia mpaka jasho likachuruzika viatuni. Jioni nazo alianza kutapika yale matonge nyuma ya nyumba. Baada ya siku kumi akapanda mzanini Kalundu. Tisini! Kilo nne! Akacheza peke yake katikati ya magunia.

Siku ya kumi na moja, akikimbia nyuma ya wenzake kukaribia daraja la Mulongwe, aliona ziwa likinyanyuka polepole kutoka mahali pake. Lilipanda bila mawimbi, likapita milima ya Burundi, likatulia juu kichwani pake mahali pa mbingu, na ndani yake ndagala wakaogelea kama nyota. Akawaza, kumbe ni pazuri hivi. Kisha akawa amelala kando ya barabara na Firmin amemshika miguu juu.

"Umekula nini leo?" Firmin aliuliza.

"Ndimu."

"Na jana mchana?"

"Ndimu."

"Weye ni muntu ao ni chai?"

Akampa maji yenye sukari na chumvi kidogo, na ndizi mbili, akasimama juu yake mpaka zikaisha. Apollinarie akajitetea kwa kilo zake nne zilizokwenda. Firmin akatikisa kichwa. "Ile ni maji, Apollinarie. Itarudi kesho."

Maneno yale yale. Miaka tisa aliwaambia wachuuzi maneno yale yale, na sasa yeye mwenyewe ndiye gunia. Akacheka pale chini mpaka machozi yakamtoka, na wakimbiaji wenzake wakadhani jua limempanda. Zaidi ya hayo, alijua kukausha. Ndagala waliobabuliwa juu ya jiwe la moto kwa nusu siku hukauka ngozi tu. Ndani wameoza, na juma halipiti kabla hawajanuka. Waliotandazwa vizuri, wakageuzwa, wakapewa siku zao, hao hudumu. Haraka haraka haina baraka, hata kwa samaki. Alikuwa akiyajua hayo yote na hakuwahi kufikiri yanamhusu.

Akaanza upya. Firmin alimpa masharti machache na kuyasimamia kwa ukali wa mjomba. Nusu kilo kwa juma, basi. Ikizidi, kuna kosa. Siku ya mbio ndefu ale kwanza, kiazi kitamu au ndizi, na akirudi ale tena, maharagwe na samaki, kwa maana anayekimbia bila kula vitu hivyo hujitafuna nyama yake mwenyewe. Maji anywe. Siku mbili kwa juma apumzike. Na mbio zenyewe ziwe za kuongea. "Ukishindwa kunielezea habari ya mama yako huku tunakimbia," alisema, "ujue unakimbia vibaya."

Jikoni alitumia akili. Mafuta ya mawese kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo, yalishuka kutoka upawa mmoja hadi kijiko. Mchicha wa lengalenga ukajaa nusu ya sahani. Na matonge yalibaki manane, sheria ni sheria, ila yalikuwa madogo, kila moja la ukubwa wa dole gumba, mboga nyingi juu yake. Mama alisikia manane.

Mwezi wa tatu ukapita, wa nne, wa tano. Mzani ulirudi kwanza tisini na tatu, kisha ukaanza kushuka kwa adabu. Kundi lilirefusha njia, kutoka daraja la Mulongwe hadi Kavimvira, na baadaye mpaka kwenye mashamba ya miwa ya Kiliba. Apollinarie alizipenda alfajiri zile kuliko alivyowahi kupenda kitu. Ukungu ulitandaa juu ya maji, na ng'ambo milima ya Burundi ilionekana nusu, haina miguu. Hatua za watu kumi na tano zilikuwa sauti moja, na baada ya muda hakujua tena ipi ni yake. Ilikuwa kama kusinzia ukiwa umesimama.

Jolie alikuja siku ya kwanza ya Kiliba. Hakumwona, alimsikia tu mgongoni, mahali pake pa zamani, mwepesi kama fungu la majani ya mihogo. "Tunaenda wapi, dada?" "Kuona miwa." "Mbali?" "Hapana mbali." Firmin akageuka kuuliza anasema na nani, naye akajibu anasali. Tangu siku hiyo Jolie hakukosa. Alipanda kila walipoyaacha majumba nyuma, akashuka waliporudi darajani. Apollinarie hakuogopa. Ila siku nyingine, alipoona mshale umeshuka tena, alishikwa na huzuni asiyoitegemea. Kilo zile zilikuwa matonge ya mdogo wake. Je, ndiyo anayoyamwaga njiani kidogo kidogo? Alimwuliza Jolie mgongoni, na Jolie akazidi kutazama miwa.

Presha ilishuka. Firmin aliifurahia kana kwamba ni yake. Kufikia mwisho wa Agosti mzani ulisema themanini, na Apollinarie alipanda ngazi za bandari akiimba.

Lakini kifundo cha mkono hakifichiki kama tonge. Mapema alikuwa amekizungushia kitambaa cha kitenge, mikunjo mitatu, akafunga fundo.

"Hii kamba ni ya nini?" mama aliuliza wakati wa rozari.

"Ya kupanguza jasho, mama. Bakimbiaji bote banavaaka."

Mama akazungusha vidole juu ya kitambaa, akaridhika. Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema, na mficha afya naye hufichuliwa. Jioni moja ya Septemba Apollinarie alikifua kitambaa, akakianika, akasahau. Walipofika fumbo la pili la rozari, mama aliushika mkono mtupu. Kidole gumba kikakutana na kidole cha kati.

Mama hakupiga kelele. Alimalizia Salamu Maria, akauweka ule mkono juu ya mkeka taratibu, akaingia ndani kulala. Kesho yake bugali ilipokuja, alimsikiliza binti yake akila, naye hakunyoosha mkono.

"Mama, kula."

"Minye nimeshiba."

Apollinarie akaacha kutafuna. Alilijua neno lile lilikotoka.

Kesho yake ilikuwa vile vile. Alikula matonge kumi makubwa mbele ya mama, kwa makelele, apate kusikia. Akaapa hatakimbia tena. Mama alishika mkono, akapima, akasema ameshiba, akanywa chai. Firmin akaja kueleza habari za presha na za moyo wa marehemu mumewe, kwamba binti huyu alikuwa akifa alipokuwa mnene na sasa ndipo anapona. Anne-Marie alimsikiliza kwa heshima zote.

"Asante, muganga," alisema. "Lakini minye nilizikaka mutoto ya mukono kama huu."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu hakuumwa mara moja. Siku ya tatu sauti yake ilikuwa imekwisha. Firmin alimvuta Apollinarie uani, akamwambia kwamba mwili ule wa miaka sitini na minne hautavumilia juma. Apollinarie aliwaza hesabu isiyo na jibu: akinenepa atakufa kama baba, akikonda atamwua mama.

Siku ya nne asubuhi, mapema, bunduki zikaanza kulia upande wa Kalundu. Kisha sauti nzito zaidi, kutoka ziwani. Jirani alipita akipiga mlango mmoja mmoja kwamba waasi wameingia, watu wasitoke. Apollinarie alimbeba mama, akamwingiza chini ya kitanda, akalala ubavuni pake kwenye sakafu ya saruji. Mama aliutafuta mkono wake, akaukamata kifundo. Hakupima safari hii. Alishika tu.

Wakakaa hivyo asubuhi nzima. Vumbi lilidondoka kutoka darini. Ajabu ni kwamba Apollinarie alisinzia. Aliota anakimbia juu ya maji, kuelekea milima isiyo na miguu, na Jolie si mgongoni tena bali pembeni, kwa miguu yake mwenyewe, akimwacha nyuma kidogo, akigeuka kumcheka. Mlio mmoja mkubwa ulimwamsha. Vidole vya mama vilikuwa bado pale pale, vimebonyeza.

"Apollinarie."

"Niko, mama."

"Damu yako inapiga polepole."

"Ni ju ya mbio, mama. Firmin alisema moyo ya mukimbiaji inapigaka polepole ju iko na nguvu."

"Ya Jolie ilikuwaka polepole." Mama akasikiliza kwa kidole. "Tangu asubui nangojea isimame. Haisimame. Ya Jolie ilikuwa kama uzi. Hii yako inanisukuma kidole."

Apollinarie akamsogelea mama sikioni. Hakujua kama watatoka chini ya kitanda kile, na hakutaka kufa na neno lile tumboni.

"Mama. Kule ku milima, Jolie alikuwa ananipatia matonge yake. Nilikuwa nayakula. Njo maana alikufa."

Nje bunduki zikalia tena.

"Najua," mama alisema.

"Unajua?"

"Nilikuwa nahesabu, mutoto wangu. Kila siku nilihesabu. Jolie moya, weye tano. Nilimusikia anakusukumia. Nikafunga macho." Pumzi yake ilikuwa fupi, akaisubiri irudi. "Mukono yake ilikuwa imekwisha kuniambia hatafika. Nikasema basi, mumoja afike. Si weye ulikula ya Jolie. Ni minye nilikupatia."

Apollinarie alilia bila sauti, paji la uso limegusa bega la mama yake. Miaka ishirini na moja kila mmoja alikuwa amebeba mzigo ule ule peke yake, wakila sahani moja.

"Njo maana mukono yako ikiwa mudogo," mama alisema, "naona nilifunga macho bure."

"Haikuwa bure, mama. Sikiya. Inapiga."

"Nasikiya."

Kufikia saa sita mchana milio ilisogea mbali, upande wa kusini, ikawa kama mtu anayepiga milango ya mtaa mwingine. Mtoto alilia mahali, jogoo akawika kwa kuchelewa. Mama alikuwa bado ameshika mkono.

"Bugali ya jana iko?" aliuliza.

"Iko. Imekauka."

"Leta."

Hawakuthubutu kuwasha moto. Walikaa sakafuni, sahani kati yao, bugali baridi, ndagala wachache na lengalenga za jana. Mama alimega, akachovya, akatafuna polepole kama mtu anayejifunza. Apollinarie naye akala. Alimtazama midomo akingoja namba ianze, lakini midomo ilikuwa na kazi ya kutafuna tu. Baada ya tonge la sita alijisikiliza mwenyewe, kama Firmin alivyomfundisha, akaona yametosha. Akautoa mkono sahanini.

Mama alisikia. Mkono wake ukasimama hewani.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

Mama aliunyoosha mkono, akakipata kifundo cha binti yake, akakizungushia vidole. Vilikutana tena. Akabonyeza, akangoja, akahesabu kitu kingine safari hii. Kisha akauachia.

"Basi," alisema, akaivuta sahani upande wake, akala yaliyobaki.